Mfuko wa silikoni ukipasuka ndani ya titi: dalili, vipimo na tiba

Makala haya ni ya mwanamke aliyewekewa mfuko wa silikoni ndani ya titi, na ni ya mumewe, mamake na dada zake pia. Wanawake hawa wako kati yetu. Kuna waliokatwa titi kwa saratani wakajengewa jingine, kuna waliozaliwa na titi moja dogo kuliko la pili, na kuna waliotaka umbo tu. Wengine walifanyiwa Nairobi, wengine ng'ambo, wakarudi nyumbani na siri yao. Jambo kubwa ninalotaka lishikwe nalitanguliza: mfuko ukipasuka aghalabu hauumi, na mpimaji hawezi kutafuta kitu ambacho hakuambiwa kuwa kipo.

Mimi ni mtu wa Mombasa, lakini mwaka wa tisa sasa nafanya kazi ya altrasaundi huku Kericho, na siku nyingine Bomet, katika nchi ya majani chai. Nimechagua kueleza kwa mifano ya huku kwa sababu mashine kubwa ziko mbali na nauli ni ghali, hivyo mtu hulazimika kujua kipimo kipi kinatangulia na kipi kinaweza kungoja. Msomaji wa Lamu, Kwale au Tana River ataona kwamba hali yake haina tofauti kubwa.

Mfuko wenyewe

Mfuko huu una ganda laini kama mpira, na ndani yake mna jeli ya silikoni. Wa kwanza uliwekwa mwaka 1962 huko Houston, Texas, na madaktari Thomas Cronin na Frank Gerow. Ipo pia mifuko ya maji ya chumvi. Hiyo ikitoboka, titi hunywea kwa siku chache, maji yanaingia mwilini bila madhara, na kila mtu anaona kwamba kuna jambo. Silikoni haina uungwana huo. Jeli ni nzito, hubaki pale pale, na titi huweza kuonekana vile vile kwa miaka.

Baada ya operesheni, mwili hujenga utando wake kuuzunguka mfuko, kama unavyozungushia kitu chochote kigeni. Utando huu ndio unaotenganisha aina mbili za mpasuko. Ganda likipasuka lakini jeli ikazuiliwa na utando, huo ni mpasuko wa ndani. Jeli ikivuka utando ikaingia kwenye nyama ya titi au ikasafiri hadi kwapani, huo ni mpasuko wa nje, na matibabu yake ni magumu zaidi.

Kwa nini hupasuka

Sababu ya kwanza ni umri. Mifuko hii haikutengenezwa idumu maisha yote, na kadiri miaka inavyopita ndivyo uwezekano wa kupasuka unavyoongezeka. Sababu nyingine ni ganda kujikunja mahali pamoja kwa muda mrefu, pigo kubwa la kifuani kama katika ajali ya gari, au chombo cha daktari au sindano iliyoligusa. Kina mama wa huku huniuliza kama kubeba kikapu cha chai mgongoni kutwa nzima kunaweza kulipasua. Kazi za kawaida kwa kawaida hazipasui ganda lililo zima. La kuogopa ni pigo.

Kuna pia kosa la kiwandani. Kampuni ya Ufaransa iitwayo Poly Implant Prothèse, maarufu kama PIP, ilitia silikoni ya viwandani isiyoidhinishwa kwa tiba ndani ya mifuko yake. Mwaka 2010 Ufaransa iliipiga marufuku, na Desemba 2011 serikali ikawashauri wanawake waliokuwa nayo waitoe. Mwenye kampuni, Jean-Claude Mas, alihukumiwa kifungo cha miaka minne mwaka 2013. Mifuko hiyo ilikuwa imeshauzwa katika nchi nyingi za dunia. Ndiyo maana mwanamke aliyefanyiwa miaka ya 2000 anahitaji kujua jina la mfuko alio nao.

Dalili za kuangalia

Wengi hawana dalili yoyote. Zikitokea, huwa ni hizi: titi kubadilika umbo au kupungua, titi moja kupanda juu au kushuka kuliko la pili, uvimbe, kuwaka moto au kuuma, ugumu usiokuwepo mwanzo, au uvimbe wa kwapani. Ugumu pekee hauthibitishi mpasuko. Utando wenyewe huweza kukaza na kuubana mfuko mzima. Madaktari huupima ugumu huo kwa daraja nne za Baker: la kwanza titi ni laini kama kawaida, la nne ni gumu, limeharibika umbo na linauma.

Homa, wekundu na titi kuwa la moto ni jambo jingine. Hizo ni dalili za maambukizi, na mtu asingoje hata siku moja.

Neno linalochanganya

Ukimwambia muuguzi wa Kenya kwamba una "implanti", atatazama mkono wako. Kwetu neno hilo limeshakuwa la kijiti cha uzazi wa mpango. Hata "kipandikizi" humpeleka huko huko. Basi sema waziwazi: "Nimewekewa mfuko wa silikoni ndani ya titi, mwaka fulani, mahali fulani."

Huku kwetu kuna kikwazo kingine. Mama wa Kipsigis asiyezoea Kiswahili huja na mtu wa kumfasiria, na mara nyingi mtu huyo ni mwanawe au mpwa wake wa kiume. Mbele yake hawezi kutamka neno. Nakumbuka mmoja aliyekuja na barua kutoka kituo kingine. Barua ilisema ana uvimbe wa kwapani, inashukiwa ni saratani, aandaliwe kukatwa. Picha niliyoiona haikufanana na mitoki ya saratani niliyoizoea. Nilimwomba kijana atoke, nikamwita muuguzi wa kike anayejua lugha yake. Mama akasema kwa sauti ya chini kwamba alipokuwa akifanya kazi nje ya nchi aliwekewa mifuko, na hakuna nyumbani ajuaye. Sindano ilipochukua sampuli, maabara ilikuta silikoni bila chembe za saratani. Alikuwa ameishi miezi mitatu akijua anakufa.

Wa Pwani tusijione tofauti. Nasi tunao wanaoingia chumba cha daktari na mume, wifi au mama mkwe. Una haki ya kuomba ubaki peke yako na anayekupima, na mhudumu ana wajibu wa kuitunza siri yako.

Vipimo na mpangilio wake

Altrasaundi hutangulia. Haina mionzi, bei yake si kubwa, na inapatikana katika hospitali nyingi za kaunti. Mfuko mzima huonekana mweusi ndani, na ukingo wake umenyooka. Ganda lililoporomoka ndani ya utando huonyesha mistari iliyopangana kama ngazi. Silikoni iliyotoka nje huonyesha weupe unaoficha kila kilicho nyuma yake. Vitabu huuita theluji. Mimi huwaambia wanafunzi wangu waukumbuke ukungu wa asubuhi juu ya mashamba ya chai. Kasoro ya altrasaundi ni kwamba inategemea sana mkono na jicho la anayeishika.

Mamogramu ni kipimo cha saratani kwanza. Huonyesha silikoni iliyovuka utando, lakini mpasuko wa ndani huipita bila kuonekana, kwa kuwa silikoni huzuia mionzi. Mwenye mfuko asiikwepe mamogramu kwa hofu. Amwambie mpigaji picha kabla ya kubanwa, kwani kuna namna ya kuusukuma mfuko nyuma na kuvuta nyama ya titi mbele, ili picha zionyeshe zaidi na mfuko usishinikizwe ovyo.

MRI ndiyo hakimu wa mwisho. Kwa kutafuta mpasuko tu, haihitaji dawa ya kuchomwa mshipani. Ganda lililopasuka huonekana likielea ndani ya jeli kama tambi sahanini. Wagonjwa wetu wengi hupelekwa Nakuru, Kisumu, Eldoret au Nairobi kwa kipimo hiki. Kwa hivyo sipendi mtu auze mbuzi kwa ajili ya MRI kabla hajapigwa altrasaundi nzuri. Ikiwa altrasaundi ni safi na hana dalili, anaweza kutulia. Ikiwa ina shaka, au daktari wa upasuaji anataka kujua silikoni imefika wapi, hapo nauli ina maana. Onyo moja: waliokatwa titi na kuwekewa mfuko wa muda wa kutanua ngozi waseme kabla ya MRI, kwa sababu mingi ya mifuko hiyo ina sumaku.

Asiye na dalili naye hukaguliwa. Mwaka 2020 mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani ilishauri kipimo cha kwanza, altrasaundi au MRI, kifanywe miaka 5 hadi 6 baada ya operesheni, kisha kila baada ya miaka 2 au 3.

Uvimbe si lazima uwe saratani, lakini upimwe

Silikoni iliyotoka hujikusanya na mwili ukaizungushia nyama ngumu. Huo ndio uvimbe unaofanana na saratani ukiushika. Hata hivyo, mwenye mfuko anaweza kupata saratani ya matiti kama mwanamke mwingine yeyote, kwa hiyo asiambiwe "ni silikoni tu" bila ushahidi. Uvimbe wenye shaka huchukuliwa kinyama kwa sindano, mpimaji akiiongoza kwa altrasaundi asiutoboe mfuko.

Jambo la pili ni maji. Titi likivimba ghafla kwa maji mwaka mmoja au miaka mingi baada ya operesheni, maji hayo yavutwe na yapelekwe maabara, yasimwagwe. Kuna saratani adimu ya chembe za kinga, iitwayo kwa kifupi BIA-ALCL, inayoota kwenye utando, hasa kwa mifuko yenye ganda la kukwaruza. Maabara iambiwe itafute alama ya CD30. Ikigunduliwa mapema, kuutoa mfuko pamoja na utando wote mara nyingi hutosha kuiponya. Kwa ajili yake kampuni ya Allergan iliondoa mifuko yake ya Biocell sokoni duniani kote Julai 2019.

Tiba

Mpasuko usio na maambukizi si dharura ya usiku. Una muda wa kutafuta daktari anayefaa. Dawa za viuavijasumu haziuponyi, na kukanda titi kwa mafuta huweza kuisukuma jeli mbali zaidi.

Tiba ni operesheni. Daktari huutoa mfuko, husafisha jeli, na hutoa utando wote au sehemu yake kulingana na hali. Baada ya hapo mgonjwa huchagua: mfuko mpya, nyama ya mwili wake mwenyewe kutoka tumboni au mgongoni, au kubaki bila kitu. Silikoni iliyosambaa si lazima itolewe yote. Kuifuata kila tone kunaweza kuharibu titi, na mitoki ya kwapani yenye silikoni isiyosumbua mara nyingi huachwa na kuangaliwa tu.

Je, silikoni huleta ugonjwa wa viungo na uchovu? Mwaka 1999 Taasisi ya Tiba ya Marekani ilipitia tafiti zilizokuwepo na haikupata ushahidi kwamba husababisha maradhi ya kinga ya mwili kujishambulia. Bado wapo wanawake wanaolalamika uchovu, maumivu na usahaulifu. Hakuna kipimo kimoja cha kuthibitisha chanzo, lakini wasikilizwe, wapimwe maradhi mengine, na wakiamua kuitoa mifuko, uamuzi huo ni wao.

Sindano za silikoni

Usichanganye mfuko na silikoni ya maji inayodungwa moja kwa moja kwenye titi au makalio, saluni au chumbani kwa mtu. Hiyo haina ganda wala utando, haiwezi kutolewa yote, na ikiingia kwenye mshipa wa damu huweza kufika mapafuni na kuua. Aliyedungwa kisha akakosa pumzi apelekwe hospitali mara moja, na aliye naye aseme alidungwa nini.

Mahali pa kuanzia

Huku juu watu huanzia hospitali ya rufaa ya kaunti ya Kericho, Longisa, au Tenwek, hospitali ya misheni ya Bomet iliyoanzishwa mwaka 1937, ambayo pia inafundisha madaktari wa upasuaji. Kwetu Pwani, anza na hospitali ya rufaa ya kaunti yako au ile kuu ya Mombasa. Kabla ya kulipa kliniki binafsi, hakikisha daktari na kituo vimesajiliwa na baraza la madaktari, KMPDC. Uliza bima yako mapema, kwani operesheni ya urembo na ile ya matatizo yake hazihesabiwi sawa.

Andika mambo haya na uyahifadhi pamoja na kitambulisho chako: tarehe ya operesheni, jina la hospitali na daktari, kampuni na nambari ya mfuko, ukubwa wake, ganda laini au la kukwaruza, na kama umewekwa juu au chini ya msuli. Ulipewa kadi? Ipige picha. Hukupewa? Andikia hospitali iliyokufanyia, kwa sababu kumbukumbu hupotea na kliniki hufungwa. Kisha mwambie mtu mmoja unayemwamini. Siku ukiletwa hospitali huwezi kusema, yeye atasema kwa niaba yako.