Kushua: boti haizinduliwi majini

Siku hizi kila kitu huzinduliwa: kitabu, mradi, kampeni, hata boti. Kwa boti, sawa, ikiwa mgeni rasmi anakata utepe. Lakini boti inapoingia majini, Kiswahili kina neno lake: hushuliwa.

Kushua ni kuteremsha chombo kutoka nchi kavu mpaka kielee. Neno hili ni la pwani, na kinyume chake ni kukweza. Mvuvi wa Lamu husubiri maji yajae, bahari imsaidie kukiinua chombo. Bukavu, kando ya Ziwa Kivu nchini Kongo, mvuvi hana wa kumsaidia. Ziwa hilo, lililo mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, halipwi wala halijai, na mji umekaa juu ya rasi tano zenye kingo kali. Hapa chombo ndicho kinacholifuata ziwa, mara nyingine kikiwa juu ya rimorki, yaani tela.

Ugumu huonekana zaidi kwa boti yenye injini ya ndani. Injini ya nje huinuliwa, rafadha ikabaki juu. Ya ndani haiinuliki: mhimili wake umetoboa sakafu ya boti, rafadha na usukani vimekaa chini kabisa. Kwa hiyo tela hurudi kinyumenyume na kuzama zaidi kabla boti haijaelea. Kizibo cha ngama, pale maji yanapojikusanya chini ya boti, hukazwa mapema. Mikanda ya tezi hufunguliwa karibu na maji, lakini kamba ya omo haitoki mkononi.

Boti ikishaelea, fundi hafurahi bado. Hufunua ngama na kuangalia mhimili unapopenya: matone machache si neno, mchirizi ni hatari. Kama injini ni ya petroli, feni ya ngamani huendeshwa dakika kadhaa kabla ya kuiwasha, kwa kuwa mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hulala ngamani ukingoja cheche. Injini nayo hupozwa kwa maji ya ziwa, hivyo ukiiwasha nchi kavu bila kuipa maji, utaunguza mpira wa pampu. Kushua, basi, si kugusisha boti maji. Ni kuikabidhi kwa maji ikiwa salama.

Kifaransa husema "mise à l'eau", kutia majini. Lakini hata ndoo hutiwa majini. Ukisema "tumeshusha boti", la karibu zaidi, msikilizaji wa bandarini atauliza: mmeiingiza ziwani, au mmetoa mizigo? Kushua hakuna utata huo, na huzaa maneno kwa urahisi: mahali penyewe ni mteremko wa kushulia, tela ni la kushulia, na boti iliyo tayari majini imeshashuliwa.

Bandari za Bukavu hupokea mizigo ya kisiwa cha Idjwi na mji wa Goma. Penye kazi mbili pawe na maneno mawili: magunia yashushwe, boti ishuliwe.