Maiti iliyorudi Kwihara

Machi 14 ni tarehe inayotajwa sana katika historia ya Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora. Mwaka 1872, hiyo ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya Henry Morton Stanley katika tembe alimokaa na daktari na mmisionari David Livingstone. Stanley ameandika kwamba walipanga kuondoka alfajiri, lakini saa mbili asubuhi walikuwa bado wapo, na chakula hakikuwapita kooni. Livingstone alimsindikiza. Walipoagana njiani, Susi na Chuma, watumishi wa Livingstone, walimbusu Stanley mikono, naye akashika njia ya pwani na shajara ya daktari iliyofungwa kwa lakiri.

Livingstone alibaki kusubiri wapagazi kutoka pwani. Aliondoka Agosti 25, na Mei 1, 1873 akafariki kwa Chitambo, katika Zambia ya leo.

Lakini siku kubwa zaidi ya Kwihara ilikuja Oktoba mwaka huo. Abdullah Susi, James Chuma na wenzao waliingia na maiti iliyokaushwa kwa chumvi na jua, ikafungwa kwa kitambaa cha pamba, gome la mti na turubai. Hapo walimkuta Luteni Verney Lovett Cameron, ofisa wa jeshi la majini la Uingereza. Cameron alitaka marehemu azikwe palepale, maana alihofia matata ya njiani, hasa Ugogo. Wapagazi wakakataa katakata. Bwana wao angezikwa kwao.

Hofu ya Cameron haikuwa ya bure. Walipofika Kasekera, wenyeji walikataza maiti isipite. Kwa mujibu wa masimulizi ya Susi na Chuma, yaliyohaririwa na Horace Waller mwaka 1874, usiku ule walikata mabua ya mtama urefu wa mtu, wakayazungushia nguo kama sanda, na kwenye ufa wa kijiti wakachomeka karatasi iliyokunjwa mfano wa barua. Watu wachache waaminifu wakaubeba mzigo huo kurudi Unyanyembe, upande wa Kwihara walikotoka, eti wanakwenda kuzika. Giza lilipoingia walitawanya mabua porini, wakarudi mmoja mmoja. Maiti yenyewe ilikwisha fungwa upya kama mtumba wa nguo, ikapita mchana kweupe.

Februari 1874 walifika Bagamoyo. Livingstone alizikwa Westminster Abbey, London, Aprili 18. Susi na Chuma, waliompigania hivyo, walifika Uingereza mazishi yamekwisha.

Tangu mwaka 2006 Kwihara imo katika orodha ya awali ya Tanzania kwa UNESCO, pamoja na vituo vingine vya njia ya watumwa na pembe za ndovu, vikiwemo Bagamoyo na Ujiji. Tembe lililojengwa upya ni makumbusho, na huitwa la Livingstone. Ni haki jina hilo libaki, lakini Susi na Chuma nao wanastahili kuandikwa mlangoni, kwa herufi zilezile, na mtoto wa shule wa Tabora asimuliwe habari za mabua ya Kasekera kabla ya habari za staftahi ya Stanley.