Marius, Manamba na Lafudhi ya Mapenzi

Filamu ya Kifaransa iitwayo Marius ilitoka mwaka 1931, sinema ilipokuwa ndiyo kwanza imeanza kusema. Marcel Pagnol aliitoa katika tamthilia yake ya mwaka 1929, naye Alexander Korda akaiongoza. Kisa chake ni chepesi: Marius, kijana wa mkahawa katika bandari ya Marseille, anampenda Fanny, muuza kome na chaza, lakini bahari inamwita. Fanny anajifanya kumtaka tajiri mzee ili mpenzi wake aondoke bila kujilaumu.

Kinachonishughulisha ni usemi wao. Wahusika hawa hawasemi Kifaransa cha Paris. Wanasema cha Marseille, kwa lafudhi nzito, na Paris yenyewe ikawashangilia.

Kwetu sinema ilianza kusema Kiswahili kwa namna nyingine. Mwaka 1935, huko Vugiri, Usambara, L. A. Notcutt na wenzake walianza kutengeneza filamu za kuwaelimisha Waafrika. Picha zilikuwa bubu. Maneno yalirekodiwa kwenye santuri, kwa Kiswahili na lugha nyingine. Mojawapo ilihusu benki ya akiba ya posta: kibarua mmoja anaweka fedha zake huko, mwenzake anazifukia, mwizi anazichukua.

Vibarua wa namna hiyo sisi wa Nyanda za Juu Kusini tunawajua. Wabena walikwenda Tanga kukata mkonge, wakaitwa manamba. Wanyakyusa walikwenda migodini Afrika Kusini kupitia Wenela. Wengi wao walimwacha Fanny wao Njombe au Tukuyu. Santuri ilimfunza mwanamume kutunza mshahara. Yule mwanamke haikumpa hata neno.

Na angesema kwa Kiswahili kipi? Nimefundisha Iringa na Mbeya miaka mingi, na darasani nilikishika Kiswahili sanifu, kama ilivyopasa. Hata hivyo, “alikuwaga ananipendaga” ina jambo ambalo “alikuwa akinipenda” haina: penzi la kila siku, lililokwisha kuzoeleka. Kiambishi hicho kimetoka katika lugha zetu za Kibantu, hakikuokotwa njiani.

Mwishoni mwa filamu, Fanny anamshikilia César, babake Marius, kwa mazungumzo ya harusi huku meli ikitoka bandarini. Anajibu, anajibu tena, kisha anazimia. Ningependa kuisoma tamthilia ambamo binti wa Kibena anamshikilia baba mkwe vivyo hivyo, lori la manamba likishika njia ya Iringa, na vitenzi vyake vyote vikiishia kwa -ga.