Motokaa Ilivyotoka Mikononi mwa Mwenyewe

Wasomaji wetu, wakati wa masika yaliyopita tuliona jambo lililotulazimu kushika kalamu. Jirani yetu mmoja ana motokaa, nayo ndiyo ya pekee katika kitongoji chetu. Usiku mmoja aliombwa ampeleke hospitali mke wa mwenziwe aliyeshikwa na uchungu wa kuzaa, akakubali mara moja, nasi tukafuatana nao. Hata tulipofika nusu ya njia, penye mteremko wa mtoni, injini ikazimika ghafula, na taa ndogo ya manjano ikawaka mbele ya dereva.

Tukamwamsha fundi mzee akaaye karibu na hapo, mtu aliyefanya kazi ya injini zaidi ya miaka 30. Akaja na kurunzi na spana zake. Akazitazama plagi, akaona ni safi lakini hazitoi cheche. Akazifuata waya zake moja moja, mpaka zilipoingia katika kisanduku kilichofungwa pande zote, na hapo ujuzi wake ukakoma. Akajifuta mikono, akasema, "Mwalimu, injini hii ni nzima, ila haitaki kusema nami."

Yule mama alipelekwa kwa pikipiki katika giza na matope, akajifungua salama. Motokaa ilivutwa mpaka mjini siku ya tatu. Huko kijana mmoja alichomeka mashine ndogo ya kupimia chini ya usukani, na kabla chai haijapoa akatuambia kwamba kilichokufa ni kihisi kimoja, kifaa kidogo kinachoiarifu kompyuta ya gari jinsi injini inavyozunguka. Bei ya kifaa hicho ilikuwa ndogo kuliko gharama ya kulivuta gari.

Tuliporudi, fundi mzee alituuliza hivi: "Je, ujuzi wangu ndio uliozeeka, au gari ndilo lililofungwa?" Hatukuwa na jibu siku ile. Tumeitafuta habari hiyo tangu mwanzo wake, na haya ndiyo tuliyoyapata.

Hapo mwanzo mambo hayakuwa hivi. Mwaka 1886 Karl Benz, fundi wa mji wa Mannheim katika Ujerumani, alipewa hati ya serikali ya kulinda uvumbuzi wake wa gari la magurudumu matatu liendeshwalo kwa injini. Mwezi wa Agosti mwaka 1888 mkewe, Bertha Benz, alilitoa gari hilo bila kumwambia mumewe, akawapakia wanawe wawili, akasafiri kwenda kwa mama yake katika mji wa Pforzheim, mwendo wa zaidi ya kilomita 100. Siku hizo hapakuwa na gereji wala kituo cha petroli popote duniani. Mafuta aliyanunua katika duka la dawa katika mji wa Wiesloch. Inasimuliwa kwamba bomba la mafuta lilipoziba alilizibua kwa pini ya kofia yake, na waya ulipochubuka aliufunika kwa ukanda wa soksi. Mnyororo ulitengenezwa na mhunzi. Breki za mbao zilipolika, alimwomba mshona viatu azipigilie ngozi.

Tazameni basi: kila ugonjwa wa gari lile ulionekana kwa macho, na dawa yake ilipatikana kwa watu wa kijijini ambao hawajapata kuona motokaa maishani mwao.

Baada ya miaka 20 mambo mawili yalitokea katika mwaka mmoja, yaani mwaka 1908. La kwanza lilitokea Uingereza, katika uwanja wa mashindano wa Brooklands. Motokaa tatu za aina ya Cadillac zilizotengenezwa Marekani zilifunguliwa kila kipande, vipande vyake vikachanganywa pamoja, kisha mafundi wakaziunda upya kwa zana za kawaida. Zikawaka, zikaendeshwa maili 500. Watu walistaajabu, maana zamani kila kipande kilichongwa na kutiwa tupa mpaka kiingie katika gari lake lenyewe tu. Tangu hapo ilijulikana kwamba kipande cha gari moja chaweza kuwa sawasawa na cha gari jingine, na huo ndio msingi wa vipuri tununuavyo dukani hata leo.

La pili ni kwamba Henry Ford, katika mji wa Detroit, alianza kuuza motokaa iliyoitwa Model T. Hapo kwanza bei yake ilikuwa zaidi ya dola 800, lakini kwa kuwa kazi iligawanywa na magari yakapitishwa mbele ya mafundi, bei ilishuka hata chini ya dola 300 katikati ya miaka ya 1920. Mpaka mwaka 1927 zilikuwa zimetengenezwa zaidi ya 15,000,000. Wengi walioinunua walikuwa wakulima wakaao mbali na miji, nao waliifungua na kuifunga wenyewe ghalani kwao. Wengine waliinua gurudumu la nyuma kwa jeki, wakalifunga mkanda, wakapasulia mbao au kuvutia maji. Petroli yake ilishuka kwenye injini kwa uzito wake tu, bila pampu. Kwa hiyo tangi likikaribia kuwa tupu, na mlima ukiwa mkali, dereva aligeuza gari akapanda kinyumenyume. Mtu aliyejua kwa nini anapanda kinyumenyume alilijua gari lake.

Lakini tusizisifu siku hizo kupita kiasi. Injini iliwashwa kwa kuzungusha mkono wa chuma, na mara nyingi mkono ule ulirudi kwa nguvu ukamvunja mtu mfupa. Magari yaliharibika upesi, yakataka kutazamwa kila mara. Mwenye gari alijifunza ufundi kwa sababu asiyejifunza alilala njiani.

Hata katika nchi zetu ufundi huo uliota mizizi. Mwaka 1953 yalianza mashindano ya Safari, yaliyopita Kenya, Uganda na Tanganyika, katika vumbi na tope la barabara zetu. Peugeot 404 ilishinda mwaka 1963, kisha mwaka 1966, 1967 na 1968, na sifa zake zikaenea mpaka vijijini. Motokaa kama hiyo, na Land Rover, ndizo zilizowafundisha mafundi wetu wa chini ya mwembe. Kabureta ilifunguliwa juu ya gunia, ikaoshwa kwa petroli, ikarudishwa. Kijana alijifunza kwa kushika taa na kutazama mikono ya mkubwa wake. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nao waliinama kweli kweli.

Basi, kisanduku kile kilichofungwa kilitoka wapi? Wengi husema kwamba watengenezaji walikiweka ili kutukomoa. Historia haisemi hivyo. Kilitokana na moshi.

Katika miaka ya 1940 mji wa Los Angeles katika Marekani ulianza kufunikwa na ukungu mchafu uliowasha macho na kuwabana watu vifua. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 mtaalamu Arie Haagen-Smit alionyesha kwamba ukungu huo hutokea moshi wa magari na wa mafuta unapopigwa na jua. Mwaka 1970 Marekani ilitunga sheria iliyotaka sumu zilizo kubwa katika moshi wa magari mapya zipunguzwe kwa sehemu 9 katika kila 10. Tangu magari ya mwaka 1975, mengi yalitiwa katika bomba la moshi chombo cha kusafishia. Chombo hicho huharibiwa na risasi iliyokuwa ikichanganywa katika petroli, kwa hiyo petroli nayo ikabidi isafishwe. Faida yake imetufikia hata sisi, maana nchi zetu za Afrika kusini mwa Sahara ziliacha petroli yenye risasi mwanzoni mwa mwaka 2006, na risasi ni sumu inayodhuru akili za watoto.

Lakini chombo kile cha kusafishia moshi kina masharti. Hufanya kazi vizuri pale tu injini inapopewa karibu kilo 15 za hewa kwa kilo moja ya petroli, bila kuzidi wala kupungua. Kabureta haiwezi kushika kipimo hicho katika mlima na tambarare, katika baridi na joto. Ilihitajika akili ipimayo moshi na kurekebisha petroli mara nyingi katika muda mfupi. Ndiyo kompyuta. Ilipofika mwaka 1981 ilikuwa imeenea katika magari mengi mapya ya Marekani, na baada yake kabureta ikatoweka.

Watunga sheria waliona pia kwamba gari la namna hiyo likiugua, mwenyewe hataona kitu. Kwa hiyo tangu mwaka 1996 kila motokaa mpya iliyouzwa Marekani ililazimishwa kuwa na tundu la kuchomekea mashine ya kupimia, lenye umbo moja kwa watengenezaji wote, na nambari za magonjwa zilizo sawa. Ulaya ilifuata mwaka 2001 kwa magari ya petroli. Katika gari lifuatalo kanuni hiyo, nambari P0335 huonyesha kwamba kuna hitilafu katika kihisi cha mzunguko wa injini au katika waya zake, awe ametengeneza nani. Ndugu zetu, kisanduku kilikuja pamoja na mlango wake!

Hapo ndipo tunapoona kwamba ugumu wa motokaa za leo ni wa namna mbili, wala haifai kuuchanganya. Namna ya kwanza ni ugumu wa kazi yenyewe. Huo huondolewa kwa kujifunza, kama wazee wetu walivyojifunza kabureta. Namna ya pili ni ugumu wa kunyimwa. Nambari zihusuzo moshi ziliwekwa wazi, lakini mambo mengine mengi yalibaki siri ya watengenezaji na gereji zao. Siku hizi viko vipuri vinavyoingia mahali pake sawasawa, hata skrubu zikakaza, lakini gari likavikataa mpaka vitambulishwe kwa kompyuta maalumu. Lile lililoshangiliwa Brooklands mwaka 1908, kwamba kipande cha gari moja chafaa katika jingine, linafutwa polepole.

Watu wa nchi nyingine hawakunyamaza. Mwaka 2012 wapiga kura wa jimbo la Massachusetts katika Marekani waliulizwa kama watengenezaji walazimishwe kuwauzia wenye magari na mafundi wa nje habari zile zile wanazozipa gereji zao. Zaidi ya watu 8 katika kila 10 waliokubali au kukataa walisema ndiyo, na mwaka 2014 watengenezaji wakapatana kufanya vivyo hivyo katika nchi nzima. Mwaka 2015 serikali ya Marekani iliwaruhusu wenye magari kuifungua programu ya kompyuta ya gari lao kwa ajili ya kulitengeneza, jambo ambalo lilikuwa linazuiliwa na sheria ya kulinda maandishi. Mwaka 2020 Massachusetts walipiga kura tena, kwa sababu magari mapya hupeleka habari zake kwa mtengenezaji hewani bila waya, na tundu lile likaanza kupitwa. Kwa mara nyingine wengi walisema ndiyo.

Sasa tuwezaje kumjibu fundi wetu? Tulimwendea nyumbani kwake tukamwambia, "Mzee wetu, yote mawili ni kweli. Gari limefungwa kwa sehemu, na ujuzi nao umezeeka kwa sehemu. Lililofungwa litafunguliwa na sheria, na sheria haiji kwa watu wasioiuliza. Lakini uliozeeka unaweza kufanywa upya hapa hapa." Alikaa kimya kitambo, kisha akasema kwamba macho yake hayasomi tena herufi ndogo.

Siku chache baadaye alimwita mjukuu wake aliyemaliza shule na kukaa bila kazi. Yeye na mafundi wenziwe wawili walichanga fedha wakanunua mashine ndogo ya kupimia, ya bei ya chini, isomayo nambari zile zilizo wazi. Kijana husoma nambari na kuandika katika daftari gari, ugonjwa na dawa iliyofaa. Mzee husikiliza injini kwa masikio yake, maana mashine hutaja mahali penye shida, lakini mara nyingi haijui kama shida ni kifaa chenyewe au waya uliotafunwa na panya. Mwezi uliopita ilikuwa waya uliotafunwa na panya. Mashine ilisema kifaa, kijana akasema kinunuliwe kipya, mzee akasema, "Ngoja kwanza," akainama.

Daftari lile sasa limefika ukurasa wa 14. Tunawasihi mafundi wa vijiji vingine waanze lao.