Chama cha Waasia na Uchaguzi wa Kura Tatu

Katika mwaka wa 1958 Tunduma ilikuwa mlango wa kutokea Tanganyika na kuingia Rhodesia ya Kaskazini, iliyokuwa ndani ya Shirikisho lililotawaliwa na walowezi tangu mwaka wa 1953. Wanyamwanga waliishi pande zote mbili za mpaka. Kwao hofu ya serikali ya walowezi haikuwa jambo la kusimuliwa. Ilikuwa ng'ambo ya barabara. Sehemu hiyo, ambayo sasa ni Mkoa wa Songwe, ilikuwa katika Jimbo la Nyanda za Juu Kusini, na jimbo hilo lilikuwa miongoni mwa yale yaliyotangulia kupiga kura mwezi wa Septemba mwaka huo.

Uchaguzi wenyewe ulikuwa wa ajabu. Tangu 1955 Gavana Twining alikuwa amewagawia Waafrika, Waasia na Wazungu viti sawasawa katika upande wa wajumbe wasio wa serikali, ingawa Waafrika walizidi milioni 8, Waasia hawakufika laki moja, na Wazungu walikuwa kama 20,000 tu. Sasa kila mpiga kura alilazimika kuchagua watu watatu, mmoja wa kila asili. Aliyekosa elimu iliyotakiwa, au pato la pauni 150 kwa mwaka, au cheo kilichokubaliwa, hakuandikishwa.

Hapo ndipo Chama cha Waasia kilipopata kazi yake kubwa. Kilikuwa kimeundwa mwaka wa 1950, miaka mitatu baada ya India kugawanyika, wakati jina la Uhindi lilipokuwa halitoshi tena kuwakusanya wote waliotoka huko. Viongozi wake, kama M. N. Rattansey, Amir Jamal na K. L. Jhaveri, wangaliweza kuridhika na viti walivyopewa bure, maana hesabu ile iliwapendelea mno. Chama cha UTP, kilichozaliwa mwaka wa 1956 kwa baraka za Gavana, kilikuwa kikiwangoja. Wao walichagua kusimama na TANU na kudai nchi moja yenye uraia mmoja.

TANU nayo iliwahitaji. Iliposhauriana Tabora mwezi wa Januari 1958, wengi walitaka kuususia uchaguzi. Nyerere akawashawishi waingie, na Zuberi Mtemvu akatoka kuunda chama chake. Lakini asiye Mwafrika hakuruhusiwa kuwa mwanachama wa TANU. Wagombea wa viti viwili katika kila vitatu walipaswa kutafutwa nje, nao wawe watu wa kuaminika.

Mpango ulifaulu. Katika Nyanda za Juu Kusini alipita John Mwakangale, na Lady Chesham, mkulima wa Iringa mzaliwa wa Marekani, akapata kiti cha Wazungu. Huko Kaskazini Sophia Mustafa akashinda cha Waasia. UTP haikupona pigo hilo. Kura ambayo Mwafrika wa Mbozi alilazimishwa kumpa Mhindi ilitumika kuvunja desturi ya kuhesabu watu kwa rangi. Twining hakuitunga kwa kusudi hilo.

Hata hivyo deni halikulipwa upesi. Mwezi wa Oktoba 1961 wajumbe kadhaa walitaka uraia uwe wa Waafrika peke yao, na Nyerere akatishia serikali yake kujiuzulu. TANU ilifungua mlango kwa watu wa asili zote mwaka wa 1963, mwaka uleule Shirikisho la ng'ambo ya Tunduma lilipovunjwa.