Historia ya Neno "Take"

Watu wengi hudhani ya kuwa historia hukaa katika magofu, makaburi, silaha za kale na vitabu vilivyoliwa na mchwa. Ni kweli hukaa huko. Lakini hukaa pia mahali palipo karibu nasi zaidi, napo ni vinywani mwetu. Kila neno tulitamkalo lilitoka mahali, likapita kwa watu wengi kabla ya kutufikia sisi, na wengi katika hao waliliachia alama. Katika insha hii nataka tulitazame neno moja la Kiingereza, tena si neno la fahari. Ni kitenzi cha herufi nne ambacho mwanafunzi wa Kenya hukijua tangu miaka yake ya kwanza ya shule, nacho ni "take". Tukiulizwa maana yake, twajibu mara moja kuwa ni "chukua". Jibu hilo si la uongo, lakini ni kipande tu cha ukweli, na aridhikaye na kipande hicho hupotea njia katika lugha zote mbili.

Jambo la kwanza la kustaajabisha ni kwamba neno hili kwa asili si la Waingereza. Watu waliopeleka Kiingereza katika kisiwa cha Britain walikuwa Waangli na Wasaksoni, waliovuka bahari katika karne ya 5 kutoka pwani za nchi ambazo leo ni Ujerumani na Denmark. Watu hao walipotaka kusema kwamba mtu ametwaa kitu, walisema "niman". Hata leo ndugu za Kiingereza hawajaliacha neno hilo: Wajerumani husema "nehmen", nao Waholanzi husema "nemen". Waingereza walilitupa. Kwa nini watu walitupe neno la mababu zao, tena neno la kila siku, wakalishika la wageni? Ili kupata jibu, hatuna budi kurudi nyuma zaidi ya miaka elfu moja.

Mwaka 793 mashua za Waviking, yaani watu wa kaskazini kutoka Norway na Denmark, zilifika katika kisiwa kidogo cha Lindisfarne, upande wa kaskazini-mashariki wa Uingereza. Palikuwa na nyumba ya watawa mahali hapo. Waviking waliwaua baadhi ya watawa, wakapora mali, wakaondoka. Kwa miaka mingi baada ya siku hiyo mashua zao ziliendelea kuja na kwenda. Kisha, mwaka 865, likaja jeshi kubwa ambalo halikukusudia kupora na kurudi kwao, bali kuitamalaki nchi. Mwaka 866 jeshi hilo liliuteka mji wa York. Mfalme Alfred wa Wessex alilishinda mwaka 878 katika vita vya Edington, lakini hakuweza kuwafukuza Wadeni nchini kabisa. Ilimpasa kupatana nao, na sehemu kubwa ya kaskazini na mashariki ya Uingereza ikabaki chini ya sheria zao. Baadaye hata kiti cha ufalme kilikaliwa na Mdeni, mfalme Cnut, kuanzia mwaka 1016 hata 1035.

Waviking hao walisema lugha ya Kinorse, na katika lugha hiyo kutwaa kulikuwa "taka". Hapo ndipo lilipotoka neno letu. Lakini tusifikiri kwamba liliingia kwa upanga. Upanga waweza kumnyamazisha mtu, lakini hauwezi kumfundisha kumwita mwanawe au kuomba chumvi kwa lugha ya mgeni. Neno liliingia baada ya vita kupoa, wakati wageni walipokuwa wakulima. Walilima mashamba yaliyopakana na ya Waingereza, wakauziana ng'ombe sokoni, wakaoana. Zaidi ya hayo, lugha zao mbili zilikuwa na asili moja, zikafanana kama vile lugha nyingi za Kibantu zifananavyo. Kwa mfano, nyumba ilikuwa "hus" kwa hawa na "hus" kwa hao. Mtoto aliyezaliwa na mama Mwingereza na baba Mdeni alisikia "niman" na "taka" chini ya paa moja, naye alikuwa na hiari ya kutumia alipendalo.

Kwa njia hiyo Kiingereza kilipokea maneno mengi ya Kinorse, tena si maneno ya vita. Kilipokea neno la yai, la kisu, la dirisha, la mume, la anga na la sheria. Kilipokea hata neno "they", ambalo pasipo hilo Mwingereza wa leo hawezi kuwataja watu wawili wasiokuwapo. "Take" lilikuwa moja katika msafara huo.

Msafara wenyewe ulikwenda polepole, kutoka kaskazini kuelekea kusini, na njiani palikuwa na vituko. William Caxton, mtu wa kwanza kupiga chapa vitabu nchini Uingereza, alisimulia kisa kimoja katika kitabu alichokitoa mwaka 1490. Wafanyabiashara fulani walikuwa katika merikebu mtoni Thames, wakitaka kwenda Zeeland, Uholanzi. Upepo ulipokosekana, walishuka pwani kutafuta chakula. Mmoja wao aliingia katika nyumba ya mama mmoja akaomba mayai, akayaita kwa neno lililotoka kwa Wanorse, "eggs". Yule mama akamjibu kwamba yeye hajui Kifaransa. Mfanyabiashara akakasirika, maana hata yeye Kifaransa hakukijua, alikuwa akisema Kiingereza chake. Ndipo mwenzake akaomba "eyren", ambalo lilikuwa neno la kale la Kiingereza, na mama akafahamu. Tazama basi: zaidi ya miaka 400 baada ya mfalme Cnut kufa, Waingereza wawili walikuwa hawajakubaliana juu ya jina la yai!

Kwa upande wa "take" ushindi ulikuja mapema zaidi. Kufikia siku za mshairi Geoffrey Chaucer, aliyefariki mwaka 1400, "take" lilikuwa ndilo neno la kawaida hata London. Na "niman" je? Lilishuka cheo. Likawa "nim", neno la mitaani lenye maana ya kuiba. Shakespeare, katika tamthilia yake juu ya mfalme Henry wa Tano, alimweka askari mmoja mwizi akamwita Nym, na wasikilizaji wa siku zile walifahamu mzaha huo. Neno lililowatumikia wafalme likaishia kuwa jina la mwizi. Hata hivyo halikufa lote. Kidole kilichokufa ganzi kwa baridi Waingereza hukiita "numb", na maana ya asili ya neno hilo ni "kilichotwaliwa", kana kwamba baridi imekinyakua. Mtu mwepesi wa viungo humwita "nimble", yaani mwepesi wa kutwaa. Wengi watumiao maneno hayo hawajui kwamba wanataja jina la marehemu.

Sasa tuitazame maana. Katika lugha ya Kigothi, ambayo ni jamaa ya kale ya lugha hizi, neno lenye asili moja na "take" lilikuwa na maana ya kugusa tu. Yaelekea basi kwamba maana ilianza kwenye ncha za vidole: kugusa, kisha kushika, kisha kushika na kuondoka nacho. Kutoka hapo ilipanuka kama maji yaliyomwagika uwanjani. Mtu aliyeshika mji kwa nguvu aliutwaa. Aliyepokea zawadi aliitwaa. Kilichoingia tumboni, kama dawa, nacho kilitwaliwa. Kazi iliyokula siku tatu ilizitwaa siku hizo. Hata akili ikapewa mikono, kwani mtu aliyefahamu maneno ya mwenziwe alisemwa kuwa ameyatwaa. Camera ilipopatikana katika karne ya 19, Waingereza hawakutunga kitenzi kipya. Walisema kwamba picha hutwaliwa. Tena neno hili huungana na maneno mengine madogo, likazaa maana zisizotazamiwa. "Take off" ni kuvua nguo, ni kumwigiza mtu kwa kumdhihaki, tena ni ndege kuruka kutoka ardhini. "Take in" ni kumkaribisha mgeni nyumbani, ni kupunguza nguo iliyo pana, tena ni kumdanganya mtu.

Wenye kutunga kamusi walilihesabu neno hili kwa jasho. Samuel Johnson, aliyetoa kamusi yake mashuhuri mwaka 1755, alilipa "take" maana 134. Katika dibaji yake alilalamika kwamba vitenzi vidogo vya namna hii ndivyo vigumu kuliko vyote, kwa kuwa maana zake zimelegea na kutangatanga. Neno gumu la kitabibu lina maana moja na hukaa mahali pake. Neno jepesi la sokoni halikai. Miaka mingi baadaye James Murray alipewa kazi ya kuhariri kamusi kubwa ya Oxford. Alianza mwaka 1879, na herufi T ilikuwa katika kazi zake za mwisho. Alifariki mwaka 1915 kamusi ikiwa haijatimia. Ilikamilika mwaka 1928.

Huenda msomaji akauliza: Habari hizi za Wadeni na Wasaksoni zatuhusu nini sisi? Zatuhusu sana, kwa maana jambo lilo hilo limetendeka katika Kiswahili. Wazee wetu walipotaka kusema "take" walisema "twaa". Neno "chukua" kwao lilikuwa hasa kubeba mzigo. Ndiyo maana mpagazi huitwa mchukuzi, na kazi ya kusafirisha watu na mizigo huitwa uchukuzi. Ndiyo maana pia mwanamke mwenye mimba husemwa kuwa amechukua mimba, yaani anaibeba. Lakini siku hizi "chukua" limekalia kiti cha "twaa", kama "take" lilivyokalia kiti cha "niman". "Twaa" halikufa, twalisikia katika mashairi, na tena redioni kila timu inapotwaa kombe. Hakuna mfalme wala kamati iliyoamuru badiliko hilo. Ni vinywa vya watu tu.

Basi tukiisha kujua hayo, turudi kwa yule mwanafunzi asemaye kwamba "take" ni "chukua". Mwingereza hutumia "take" kwa mambo ambayo Mswahili ameyagawia vitenzi vingi. Picha, sisi huipiga. Dawa, huinywa au kuimeza. Kiapo, hukila. Basi, hulipanda. Nguo, huivua. Mji, huuteka. Mtihani, huufanya. Naye anayetaka kiti, huketi. Vitenzi vyote hivyo ni urithi wetu, na kila kimoja kimebeba namna yetu ya kuutazama ulimwengu. Hatukusema "kula kiapo" kwa bahati mbaya: kiapo kikiisha kumezwa kimo ndani ya mwenye kuapa, wala hawezi kukirudisha mezani. Nasi tuna maneno yetu yanayotangatanga vilevile. Mwingereza ajifunzaye Kiswahili akidhani kwamba "piga" ni kutia ngumi tu, atafanyaje akisikia kwamba mtu amepiga simu, amepiga pasi, amepiga magoti, kisha akapiga mbio?

Leo yasikika watu wakisema "chukua picha", "chukua chai" na "chukua basi". Anayesema hivyo anawaza "take", kisha anaweka "chukua" juu yake kama kifuniko. Sisemi kwamba lugha isipokee kitu kutoka kwa jirani. Historia niliyoisimulia yaonyesha kwamba Kiingereza chenyewe kilijengwa kwa kupokea, na Kiswahili nacho kilipokea kwa Waarabu vitenzi kama safiri, fikiri, samehe na jibu, wala hakikupungukiwa. Lakini kuna tofauti kati ya kupokea kwa kuhitaji na kutupa kwa uvivu. Nyumba hupata faida ikiongezewa chombo. Haipati faida yoyote mwenye nyumba akivitupa vyombo vinane ili abaki na sufuria moja ya kupikia, kuogea na kutekea maji.

Ni juu yetu kuchagua. Waingereza wa York hawakujua, siku walipoanza kusema "take" badala ya "niman", kwamba walikuwa wakiamua jambo la miaka elfu. Sisi tunajua, kwa sababu habari zao zimeandikwa. Kwa hiyo utakapokutana na "take" katika kitabu chako, usikimbilie "chukua". Jiulize kwanza ni kitu gani kinatendwa, na ni nani anayekitenda. Kisha tafuta kitenzi ambacho Kiswahili kimekiweka tayari kwa tendo hilo. Mara nyingi utakikuta.