Simba Bulaya

Simba Bulaya, yaani simba wa Ulaya, ni jina walilopewa katika miji ya migodi ya Katanga watu waliosadikiwa kuwinda Waafrika usiku na kuwapeleka kwa Wazungu ili waliwe. Jina jingine la watu hao ni batumbula, na mmoja wao huitwa mutumbula. Simulizi zao zilivuma hasa katika miaka ya 1940, wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, katika ukanda wa shaba wa Kongo ya Wabelgiji, ambao miji yake mikubwa ilikuwa Elisabethville, leo Lubumbashi, na Jadotville, leo Likasi. Zimo katika ukoo mmoja na simulizi za wanyonya damu, yaani za mumiani wa pwani ya Waswahili, za wazimamoto wa Kenya na Uganda, na za banyama wa Rodeshia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia.

Simulizi zenyewe

Masimulizi hutofautiana kutoka kambi hadi kambi, lakini kiini chake ni kimoja. Mtu anayetembea peke yake baada ya giza kuingia hukamatwa na Waafrika wenzake walioajiriwa kwa siri, hupumbazwa kwa dawa hata asiweze kupiga kelele wala kukumbuka jina lake, kisha hufichwa shimoni au ndani ya nyumba, ambako hulishwa mpaka anenepe. Katika masimulizi mengi mateka hugeuka nguruwe, naye huchinjwa na kuandaliwa mezani kwa Wazungu. Upande wa pili wa mpaka, simulizi za banyama zilidai kwamba mateka walivushwa na kuingizwa Kongo.

Mazingira ya kihistoria

Simulizi hizi haziwezi kueleweka bila kuufahamu mfumo wa kazi uliozizaa. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906, ilianza kuyeyusha shaba mwaka 1911, na katika miaka yake ya mwanzo ilitegemea vibarua walioandikishwa mbali na kurudishwa makwao baada ya muda mfupi. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1920 ilibadili mwendo na kuwaweka wafanyakazi pamoja na wake na watoto wao katika kambi zake, ikawapa nyumba, posho ya chakula, hospitali na shule zilizoendeshwa na wamisionari. Katika eneo la Likasi, kambi hizo zilizunguka mitambo mikubwa ya Panda na Shituru, na maisha ya mfanyakazi, tangu kuzaliwa kwa mtoto wake hadi kuzikwa kwake mwenyewe, yaliandikwa katika vitabu vya kampuni.

Mwajiri aliyempimia mfanyakazi unga na nyama ndiye aliyempima pia uzito, akamchoma sindano na kumtoa damu ili kuchunguza magonjwa. Kwa hiyo dhana ya kunenepeshwa kabla ya kuliwa haikutoka hewani, kwa kuwa ilichukua mambo yaliyoonekana kila wiki kwenye foleni ya posho na kwenye mlango wa zahanati, ikayaunganisha katika hadithi moja yenye mantiki kali. Vita vilipozidisha mahitaji ya madini, kazi iliongezwa na bei za bidhaa zikapanda, mpaka wafanyakazi wa Union Minière wakagoma mwezi Desemba 1941. Tarehe 9 Desemba askari waliwafyatulia risasi wagomaji waliokusanyika katika uwanja wa michezo wa Elisabethville, na miongoni mwa waliouawa alikuwa kiongozi wao, Léonard Mpoyi. Simulizi za batumbula zilizovuma katika miaka iliyofuata zilisikilizwa na watu waliokuwa wameshuhudia jinsi maisha yao yalivyothaminiwa.

Kichwa cha Msiri

Habari za kutisha juu ya Wazungu na miili ya Waafrika zilikuwapo Katanga kabla ya migodi. Tarehe 20 Desemba 1891, huko Bunkeya, kaskazini mwa Likasi ya leo, mfalme Msiri wa Bayeke alipigwa risasi na Kapteni Omer Bodson, ofisa wa msafara wa William Stairs, ambao ulikuwa umeanzia safari yake pwani ya Zanzibar kwa niaba ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji. Bodson naye alijeruhiwa papo hapo akafa, na Stairs alikufa mwaka 1892 kabla ya kufika kwao. Kichwa cha Msiri kilikatwa na kuinuliwa juu ya mti ili watu wake wakione. Mapokeo ya Bayeke yanaeleza kwamba wageni waliondoka na kichwa hicho ndani ya kopo la mafuta ya taa, na kwamba kila aliyekibeba alikufa njiani.

Katika sanaa ya uchoraji

Ushahidi wa thamani kubwa unatokana na wachoraji wa mijini, ambao katika miaka ya 1960 na 1970 waliuza picha kwa familia za wafanyakazi ili zitundikwe sebuleni. Wachoraji hao walikuwa na maudhui yaliyojulikana na wanunuzi wote: mamba muntu, yaani kiumbe nusu mwanamke nusu samaki anayetoa utajiri kwa masharti mazito, Colonie belge, yaani picha ya mfungwa anayechapwa mbele ya ofisa Mbelgiji, na Simba Bulaya.

Aliyekwenda mbali zaidi ni Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa Elisabethville mwaka 1947 na kufanya kazi yake Likasi na Lubumbashi. Mwaka 1973 alikutana na mwanaanthropolojia Johannes Fabian, aliyekuwa akifundisha katika chuo kikuu cha Lubumbashi, akamweleza nia yake ya kuchora historia nzima ya nchi, kuanzia mababu hadi utawala wa Rais Mobutu. Katika muda wa mwaka mmoja hivi alikamilisha mfululizo wa picha takriban 100, zilizochorwa juu ya kitambaa cha magunia ya unga, na kila picha aliifafanua kwa Kiswahili cha Katanga mbele ya kinasa sauti. Ndani ya mfululizo huo kifo cha Msiri, risasi za mwaka 1941 na maovu mengine ya ukoloni yamepewa uzito uleule wa matukio ya kiserikali, jambo linaloonyesha kwamba Tshibumba alikuwa mwanahistoria kamili, aliyetumia brashi pale ambapo wengine hutumia kalamu. Fabian alichapisha picha na maelezo hayo mwaka 1996 katika kitabu Remembering the Present. Tshibumba hajulikani alipo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980.

Uchunguzi wa wataalamu

Rik Ceyssens alichapisha mwaka 1975 makala ndefu iliyomtaja mutumbula kuwa kisasili cha wanaoonewa. Mwelwa Musambachime wa Zambia alichunguza banyama mwaka 1988. Luise White, katika kitabu Speaking with Vampires cha mwaka 2000, alilinganisha simulizi za ukanda wa shaba wa pande zote mbili za mpaka na zile za Nairobi na Kampala, akasisitiza kwamba swali la manufaa kwa mwanahistoria ni lile la mambo ambayo wasimulizi waliweza kuyaeleza kwa lugha ya damu, ambayo hawakuweza kuyaeleza vizuri hivyo kwa lugha nyingine.

Uhusiano na fasihi ya kutisha ya Uingereza

Miaka ambayo Katanga ilitekwa ndiyo iliyozaa majitu mashuhuri ya fasihi ya Kiingereza ya zama za Malkia Victoria. Hadithi ya Daktari Jekyll ilitoka mwaka 1886, ile ya Dorian Gray mwaka 1890, na Dracula ya Bram Stoker mwaka 1897. Dracula, mnyonyaji damu anayetoka mashariki mwa Ulaya kuja kununua nyumba London, ni hofu ya mji mkuu wa dola kwamba mgeni atawafanyia wenyeji wake yale ambayo dola hiyo iliwafanyia wengine. Simba Bulaya ni hadithi hiyohiyo iliyosimuliwa na upande ulionyonywa. Karl Marx, katika kitabu chake cha mwaka 1867, alikuwa tayari amefananisha mtaji na mnyonyaji anayeishi kwa kufyonza kazi ya walio hai.

Majitu ya Victoria yamekusanywa pamoja katika tamthilia ya televisheni Penny Dreadful, iliyobuniwa na John Logan, ikarekodiwa zaidi nchini Ireland na kuonyeshwa na kituo cha Showtime cha Marekani kati ya Mei 2014 na Juni 2016 kwa misimu 3 yenye vipindi 27. Matukio yake yanaanzia London mwaka 1891, mwaka wa kifo cha Msiri. Eva Green anaigiza Vanessa Ives, mwanamke anayeandamwa na nguvu za giza. Pembeni yake wamo Daktari Frankenstein na kiumbe wake, Dorian Gray, na hatimaye Dracula mwenyewe. Kiongozi wa kundi la Vanessa, Sir Malcolm Murray, anayeigizwa na Timothy Dalton, ni mpelelezi aliyejipatia sifa barani Afrika, na msimu wa tatu unapoanza yupo Zanzibar, alikokwenda kumzika Sembene, mtumishi wake Mwafrika, anayeigizwa na Danny Sapani. Tamthilia hiyo inakiri kwamba mikono ya Murray ina damu ya Afrika, na hilo ni jambo la kuheshimiwa; lakini Sembene huzungumza kidogo mno, na anauawa kabla ya kisa chake kusimuliwa. Sehemu hiyo iliyokosekana ndiyo ambayo simulizi za Katanga zinaitoa.

Hali ya sasa

Union Minière ilitaifishwa mwaka 1967 na nafasi yake ikachukuliwa na shirika ambalo baadaye liliitwa Gécamines. Mfululizo wa Tshibumba umehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Wereldmuseum, zamani Tropenmuseum, Amsterdam, mbali na watu aliowachorea. Mwandishi wa filamu au tamthilia ya kutisha atakayetaka kuanzia Likasi hatalazimika kuazima jitu kutoka London, kwa kuwa visa, picha na maelezo ya kina vipo, tena kwa Kiswahili.